Mfarishi Wenye Kiuno

2 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hiyo hiyo nimekatazwa kusimama. Mkunga hakuzungusha maneno. Mimba ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, hii ya tatu imefika miezi sita na yeye anataka ifike tisa. "Kitanda, mwalimu. Chooni utakwenda, mezani utakwenda, kliniki utakuja kwa gari. Kwingine kote waende wengine."

Mimi ni mwalimu wa michezo. Kazi yangu ni kukimbia nyuma ya watoto arobaini huku nikipuliza filimbi. Sijui hata kukaa kunafanywaje.

Mume wangu ameondoka asubuhi. Anasimika nguzo za umeme, na mvua zikianza ndipo nguzo zinapoanguka, kwa hiyo msimu wangu wa kulala ndio msimu wake wa kupanda. Kwenye simu nimemwandika Bwana Nguzo. Jioni akaingia mama yake kuja kunilinda, na begi moja dogo la nguo na magunia mawili makubwa ya vitambaa.

3 Machi

Mama mkwe ameshanyoosha viatu vyote mlangoni. Vikombe kabatini vyote masikio yanatazama upande mmoja. Tumelala usiku mmoja tu chini ya paa moja.

5 Machi

Nimejua magunia ni ya nini. Mama mkwe alishona sare kiwandani miaka mingi, na kila mabaki aliyoruhusiwa kuchukua aliyachukua. Anataka nimshonee mjukuu wake mfarishi: vipande vya mraba viunganishwe, katikati pamba, chini kitambaa kizito, mtoto alalie na kujifunikia mpaka aanze shule. Vipande amekwisha kuvikata vyote, kwa kadi moja ya boksi la viatu. Mistari kumi na miwili, kila mstari vipande kumi.

"Kushona najua kidogo tu, mama."

"Kidogo kinatosha. Laza kidole cha shahada pembeni mwa kitambaa, hivi. Piga chaki upande wa pili wa kidole. Shona juu ya chaki. Basi."

"Si bora nipime kwa futi?"

"Futi inapotea, mwalimu. Kidole utakipoteza wapi?"

Ameniazima na kastabani yake, kile kikofia cha bati cha kuvaa kidoleni ili sindano isinichome. Inacheza. Vidole vyangu ni vyembamba mno kwake, nimetia pamba ndani ndipo ikatulia.

6 Machi

Mstari wa kwanza. Nimejichoma mara sita, ndani ya kastabani na nje ya kastabani.

9 Machi

Mvua. Nimekwenda chooni mara nyingi kuliko haja yenyewe, ili tu nitembee.

12 Machi

Kliniki. Jirani yetu, Fundi Bomba, ametupeleka kwa pikapu yake, mimi mbele na mama mkwe katikati kama ukuta. Presha nzuri. Mtoto anapiga teke mpaka mkunga akacheka. Akanieleza mambo ya kuangalia: miguu ikivimba nije haraka nisingoje tarehe. Alitaja na mengine, ila nje ya dirisha watoto walikuwa wakicheza mpira kwenye tope, na golikipa wao alikuwa anasimama pabaya hata kipofu angeona. Mengine yamenipita.

15 Machi

Nimeanza kumwita mama mkwe kwa filimbi. Mlio mmoja maji, miwili chai. Aliitika mara ya kwanza kwa kushtuka, mara ya pili kwa kununa, na mara ya tatu akainyakua na kuitia mfukoni. "Utarudishiwa ukishajifungua," akasema. Ndivyo ninavyowaambia watoto wa darasa la tano. Imeniuma.

19 Machi

Mistari mitatu. Kila nikimaliza mmoja naukunja, naupanga ndani ya beseni, naanza mwingine. Sijaona kazi isiyo na mwisho kama hii.

24 Machi

Leo nimemchukia mama mkwe, bora niandike ili litoke. Si kwa jambo kubwa. Ni kwa vile anavyovuta pazia mpaka ncha mbili zikutane sawasawa, anarudi nyuma, anatazama, anarudi tena kulivuta. Ni kwa vile kila asubuhi anavyofunua shuka na kuikagua miguu yangu kama mtu anayechagua samaki sokoni. "Haijavimba," anasema, kisha anairudisha juu ya mito miwili, sambamba, kama viatu vyake vya mlangoni. Nimelala miguu juu siku nzima. Damu yote imehamia kichwani.

Bwana Nguzo alipiga simu. Nikamwambia mama yake ni mtu mwema sana. Mama mwenyewe alikuwa amesimama chumbani akikunja nguo, ningemwambia nini kingine?

31 Machi

Mvua haijakata tangu juzi. Mistari mitano.

4 Aprili

Barabara ya chini imefunikwa na maji. Fundi Bomba amekwenda kutazama akarudi na tope mpaka mapajani. "Gari halipiti pale, shemeji, labda upate mtumbwi." Kliniki nimeikosa. Nimepiga simu, inaita tu. Mama mkwe ameitazama miguu yangu mara mbili, akasema tungoje maji yapungue, na mtoto anacheza vizuri tumboni. Kweli anacheza. Kwa mbio hizo ni mwanariadha.

8 Aprili

Mama mkwe anasema nimeng'aa. "Uso umejaa, umependeza. Ulikuja kwetu umekonda kama sindano." Sifa ya kwanza tangu nimeolewa.

11 Aprili

Kastabani nimetoa ile pamba. Imekaa vizuri bila kitu.

14 Aprili

Umeme hakuna. Mke wa msimika nguzo anashona dirishani akitafuta mwanga. Kichwa kinauma kidogo, ni huku kukodoa macho.

18 Aprili

Maji bado hayajashuka. Kliniki ya pili nayo imepita. Sina raha, sina raha, sina raha. Nimesoma maandishi ya pakiti ya sabuni pande zote. Nimehesabu vyuma vya dirisha. Nikifunga macho naona uwanja wa shule na mimi ndani yake nakimbia, peke yangu, bila hata mpira.

Kastabani leo imenibana, nimeivua.

21 Aprili

Mistari tisa imekamilika, imebaki mitatu. Nikasema kabla sijaendelea nione sura ya kazi yangu. Mama mkwe akanisaidia kuitandika kitandani, wa kwanza juu, wa tisa chini, yote ikianzia ukingo mmoja.

Upande wa kushoto umenyooka. Upande wa kulia ni ngazi. Mstari wa kwanza hadi wa tano ni sawa. Wa sita umepungua kidogo, wa saba zaidi, na wa tisa umekuwa mfupi kwa vidole vinne vizima.

Nimetazama, nimetazama. Wiki saba kitandani na hiki ndicho nilichotoa. Mama mkwe akavuta mstari wa tisa, akauvuta tena kama anavyovuta pazia, haukurefuka.

"Umeshona vibaya," akasema.

"Nimeshona kama ulivyonifundisha. Labda ulikata vibaya."

Nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, anaficha, na mimi najua anaficha. Alichukua vipande vya mistari iliyobaki, akachukua kadi yake ya boksi, akaketi kwenye kiti akapima kimoja kimoja mbele yangu. Kila kimoja kililingana na kadi. Alipomaliza akavipanga, akavifunga uzi, akatoka.

Chakula cha jioni aliniletea. Kijiko kilikuwa kimewekwa upogo, na hilo ndilo lililonitisha.

22 Aprili

Nimemwomba radhi. Akasema, "Yameisha." Hayajaisha.

23 Aprili

Nimeufumua mstari wa nane na wa tisa, mshono kwa mshono. Nitaishona upya, polepole, kidole juu ya kitambaa kila mara, chaki kila mara. Simwachi mtu aseme mke wa mwanawe hana mikono.

25 Aprili

Imekuwa mifupi zaidi! Niliilaza pale ilipokuwa mwanzo na imepungua hata kuliko mwanzo. Nimekaa nikicheka peke yangu kama mwehu. Kitu kinachopungua kila ukikitengeneza, jamani, nani aliwahi kukiona?

Kichwa kinagonga. Kuna vimulimuli vinapita pembeni mwa jicho, nikigeuka havipo. Mama mkwe anasema niache sindano. Siachi. Nikiacha sindano nitabaki na nini, dari?

26 Aprili

Nimepata dawa. Kama mifupi haitaki kurefuka, mirefu na ifupishwe. Nimefumua mstari wa kwanza.

27 Aprili

Mwandiko huu ni mbaya kwa sababu naandika nikiwa na mpira wa dripu mkononi. Naanza tangu mwanzo, maana nikiruka kitu sitakumbuka.

(Nilianza hivyo jana, nikaishia hapo. Naendelea leo, 28, wodini.)

Jana mchana mvua ilikuwa nyepesi. Nilikuwa nashona upya ule mstari wa kwanza, nimefika nusu. Mama mkwe akaja kuchukua kikombe. Akainama kukiokota, akabaki ameinama. Alikuwa anatazama kipande kilichokuwa mapajani mwangu, kitambaa cheusi cha sare ya walinzi.

"Hii mistari miwili ni ya nini?"

Nikatazama. Kwenye kitambaa kile kulikuwa na mistari miwili ya chaki, mmoja karibu na ukingo, mwingine ndani zaidi.

"Huu wa nje ni wa Machi, nilipoushona mara ya kwanza. Chaki haijafutika. Huu wa ndani nimeupiga sasa hivi."

"Kwa kidole kipi?"

"Hiki hiki ulichonionyesha."

"Kile cha Machi?"

"Mama, nina cha shahada kimoja tu mkono huu."

Hakucheka. Akauchukua mkono wangu, akakilaza kidole changu kwenye ukingo wa kitambaa kama alivyonifundisha siku ile. Kidole kiliufunika mstari wa Machi wote, kikapita, kikaishia kwenye mstari wa ndani. Tukatazamana. Kitambaa hakikuwa kimepungua. Mkasi haukuwa umekosea. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongezeka, mshono kwa mshono, na kila kidole kilivyonenepa ndivyo kilivyokula kitambaa pande zote mbili za kila kipande.

Akaubonyeza mgongo wa mkono wangu kwa dole gumba, akaachia. Kikabaki kishimo. Tukakitazama kikikataa kujaa. Kisha akaushika uso wangu kwa mikono yote miwili, ule uso aliousifu, akaubonyeza penye shavu.

"Mimi nilikuwa naangalia miguu," alisema. "Mwanangu, mimi nilikuwa naangalia miguu tu."

Tangu nimeolewa sikuwahi kumwona akikimbia. Alikimbia. Nikasikia mlango wa baraza, halafu nikasikia filimbi yangu. Aliitoa mfukoni mwake akaipuliza nje kwenye mvua kama mwamuzi aliyeona mchezaji akivunjwa mguu, akapuliza mpaka madirisha ya mtaa mzima yakafunguka na Fundi Bomba akatoka na mswaki mdomoni.

Barabara ya chini bado ilikuwa na maji. Fundi Bomba akasema ipo ya juu, ya machimbo ya kokoto, mbaya lakini kavu. Alitupa mabomba yake yote barazani kwetu. Njia nzima niliona vimulimuli, na mama mkwe aliushika mkono wangu akisema, "Tulia, mwalimu, tulia," na kwa mara ya kwanza msimu huu nilitulia, kwa sababu niliogopa. Nilimwambia mtoto aliye tumboni apige teke. Alipiga. Nilimwambia apige tena.

Hospitalini muuguzi alinipima presha, akatazama kipimo, akanipima tena mkono wa pili. Akatoka bila kunijibu salamu. Daktari alipokuja, mama mkwe alikuwa bado ameshika kile kitambaa cheusi. Akamwonyesha mistari miwili akimweleza habari ya kidole, haraka haraka, kana kwamba anatoa ushahidi. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama kwangu.

"Presha yako imepanda vibaya sana. Hii huua mama na mtoto, na huwa haingoji. Tunamtoa leo."

"Miezi minane haijatimia," nikasema.

"Najua. Lakini ndani si salama tena kwake, wala kwako."

Mtoto ni wa kike. Sikumsikia akilia, mama mkwe anaapa alilia. Yuko kwenye chumba cha joto, ndani ya sanduku la kioo, na mimi bado sijaruhusiwa kusimama kwenda kumwona.

30 Aprili

Nimemwona. Nimeingiza mkono kwenye tundu la sanduku. Ameshika kidole changu cha shahada, hicho hicho, na mkono wake haukuweza kukizunguka.

2 Mei

Bwana Nguzo amefika, tope mpaka nyusi. Amelia mbele ya wauguzi bila aibu. Nimempenda upya.

4 Mei

Leo mtoto amesahau kupumua, akakumbushwa kwa kupapaswa nyayo. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kioo nje. Alipoona wauguzi wanamkimbilia, alianza kunyoosha viatu vya wageni vilivyopangwa mlangoni, jozi kwa jozi, mpaka mwisho wa ukumbi. Zamani ningekasirika. Nilikwenda polepole na kidonda changu cha upasuaji, nikashika ukuta, nikamsaidia kwa mguu kusogeza zile za mwisho.

5 Mei

Anapumua.

9 Mei

Mama mkwe ameniletea wodini vipande vya mstari wa kumi, sindano na chaki. "Hutaki kukaa bure, nakujua." Kabla sijaanza akakilaza kidole chake kando ya changu, akavilinganisha, akaguna. Sasa anafanya hivyo kila asubuhi. Miguu haiangalii tena.

16 Mei

Nimeruhusiwa mimi, mtoto bado. Nimefika nyumbani nikakuta mfarishi kitandani. Mama mkwe ameiunganisha ile mistari tisa usiku kwa usiku. Nilijua atakuwa ameunyoosha: atakuwa amefumua, amekata palipozidi, amefanya pembe nne za haki. Hakugusa kitu. Mirefu ameiweka juu, mifupi ikafuata, na ule wa kwanza, nilioufumua nikaufikisha nusu, ameumalizia kwa kipimo cha kidole changu kilichovimba na kuuweka mwisho kabisa, penye wembamba. Kile kipande cheusi chenye mistari miwili ya chaki kipo katikati ya mstari huo.

Bwana Nguzo akautazama akauliza, "Mbona upande huu umeliwa? Si urekebishwe kabla mtoto hajaja?"

"Uuguse uone," mama yake akamwambia.

19 Mei

Mstari wa kumi na moja. Umerefuka kidogo kuliko wa kumi. Nimeiunga yote miwili chini, na mfarishi umeanza kutanuka tena. Utakuwa na kiuno.

27 Mei

Mvua imekata. Barabara ya chini imeonekana, imebaki tope na viatu vya watu.

30 Mei

Amekuja nyumbani. Mdogo, mwekundu, ana hasira, tumemlaza kwenye mfarishi pale pembamba na bado nafasi imembakia. Bwana Nguzo amelala sakafuni akimtazama. Mama mkwe amenirudishia filimbi yangu, ameiosha kwa sabuni na kuifunga kamba mpya. Kisha akavuta pazia, ncha mbili hazikukutana, akaliacha.

Umebaki mstari mmoja. Nimekaa kitandani kando ya mtoto, hakuna aliyenilazimisha kukaa. Nimevaa kastabani. Imecheza kidoleni. Nimetafuta pamba, nikaitia ndani, nikaanza.